Ukuta kulala chini mzima mzima si "ajali ya gari", ni kazi mbovu ya fundi!

Wakuu, hili siwezi kulinyamazia. Kenta lilikuwa linarudi nyuma mtaani Makorora, hapa Tanga, likagonga uzio wa mama yangu mdogo. Halikuwa na mwendo wa maana. Ukuta ukalala kuanzia kona hadi getini. Fundi aliyejenga kaitwa, jibu lake: "Mama, hakuna ukuta unaohimili gari." Papo hapo akataja bei ya kujenga upya!

Uongo mtupu. Tofali nimeziokota mwenyewe. Ni safi, mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga unaounganisha tofali) imebanduka yote kwa upande mmoja, na nafasi za wima kati ya tofali na tofali hazikujazwa kitu. Mota iliyoshika huacha mabaki pande zote mbili, au tofali lenyewe hupasuka.

Tofali na mota hubeba vizuri uzito wa kukandamiza. Kuvutwa ndiko zinakoshindwa, na padhaifu kuliko pote ni pale mota inapokutana na uso wa tofali. Ukuta ukigongwa hujipinda, upande wa pili unavutwa, maungio yanafunguka. Nyumba angalau ina uzito wa juu unaobana kozi (safu za tofali) za chini. Uzio hauna paa wala lenta, tegemeo lake ni mshiko wa mota.

Na msiniambie eti umeanguka kwa sababu uligongwa "ghafla". Vipimo vya maabara vinaonyesha mota nzuri ikipigwa kwa kasi huhimili zaidi kuliko ikisukumwa polepole, maana nyufa hazipati muda wa kutafuta njia nyepesi. Ila mshiko ambao haukuwepo hauna cha kuongezeka!

Haukuwepo kwa nini? Mafundi wanakoroga rundo kubwa la mota asubuhi, likianza kukaza wanaongeza maji na kuendelea nalo. Saruji ikishaanza kushika, maji hayairudishi. Tofali zimeungua jua, zinapangwa kavu vilevile, zinanyonya maji ya mota kabla saruji haijayatumia. Kumwagilia ukuta baada ya kujenga, hakuna. Na saruji yenyewe inatengenezwa hapa hapa Tanga, Pongwe, jamani!

Watoto wa mtaa huwa wanakaa chini ya ukuta ule kutafuta kivuli. Siku hiyo walikuwa shule.

Wenye uzoefu nisaidieni: makubaliano yalikuwa ya mdomo, mashahidi wapo. Tuanzie serikali ya mtaa au twende moja kwa moja mahakama ya mwanzo? Picha za tofali ninazo, na kifusi nimekataza kisiguswe.