Mjadala: Mwenye duka, machinga na dereva wa Dar wanaweza kusimama pamoja mbele ya mtaji wa dunia?

Ndugu wachangiaji, naileta mada hii kwa sababu kila tunapozungumzia nguvu za kampuni kubwa za kigeni katika jiji letu, jibu la haraka huwa ni "tuungane", bila yeyote kueleza nani anaungana na nani, na kwa masharti gani. Msimamo wangu ni kwamba mshikamano unaofunika madeni yaliyopo baina yetu wenyewe huvunjika siku ya kwanza ya njaa, na kwamba hakuna wa kudumu mpaka wahusika wakae waambiane waziwazi nani anamdai nani.

Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka Mei 2023, wakafunga tena Juni 2024, wakilalamikia kamatakamata, utitiri wa kodi na wageni wanaouza rejareja. Katika mgomo wa pili nilipita Mtaa wa Kongo nikamkuta kijana muuza soksi amekalia ndoo iliyofudikizwa, turubai lake limekunjwa pembeni. Yeye huchukua mzigo dukani asubuhi kwa mali kauli na kupeleka hesabu jioni, hivyo duka likifungwa hana cha kutandaza. Nilimuuliza kama anauunga mkono mgomo. Alinieleza kwamba mwezi uliotangulia aliibiwa dazeni tatu na tajiri wake hakumsamehe hata jozi moja, kwa hiyo alikuwa bado anajiuliza mgomo ule ulikuwa wa nani. Wapo watakaosema kijana huyo hana mwamko. Mimi naona alikuwa anapiga hesabu vizuri kuliko wengi wetu.

Hali ni hiyo hiyo kwa teksi za mtandaoni. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilishusha kamisheni inayokatwa na kampuni kutoka asilimia 33 hadi asilimia 15. Uber ikasitisha huduma Aprili mwaka huo, na ikarejea mwaka uliofuata baada ya kiwango kupandishwa hadi asilimia 25. Kampuni yenye masoko katika mabara kadhaa inaweza kuzima programu yake katika nchi moja na kungoja, ilhali dereva anayedaiwa hesabu na mwenye gari hawezi kungoja hata wiki mbili. Na mwenye gari mwenyewe mara nyingi ni mwalimu au muuguzi aliyekopa SACCOS, naye ana marejesho yake. Laiti wawili hao wangekuwa wamekubaliana mapema kwamba kampuni ikigoma hesabu itashuka kwa muda fulani, na laiti madereva wa Nairobi wangekuwa upande wao, huenda kungojea kule kungekuwa na gharama kwa kampuni pia.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu mleta mada, unalizunguka suala la wageni. Mimi nina duka, na siwezi kushikamana na mtu ambaye nduguye ana kiwanda Guangzhou na anauza hapa kwa bei ninayonunulia mimi kule. Agizo la Julai 2025, lililowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu na saluni, lilikuja kwa kuchelewa. Kwanza tulinde chetu, mshikamano wa dunia utafuata.

Mchangiaji wa pili: Naongeza la bandari. Mwaka 2023, Bunge liliporidhia makubaliano ya Tanzania na Dubai, maswali ya msingi yalikuwa muda wa mikataba, namna ya kujitoa na hatima ya ajira. Haikuchukua muda, sehemu kubwa ya mjadala ikawa dini ya nani, Bara au Visiwani. Sioni mapatano ya maslahi yangezuiaje hilo.

Mleta mada: Kwa ndugu mwenye duka, malalamiko yako ya bei ni ya kweli na siyabezi. Hata hivyo, agizo lile linamgusa muuza duka na kumwacha mwenye kiwanda. Kontena lile lile linaweza kuingia kwa jina la raia, na mwenye jengo atadai kilemba kile kile, yaani malipo ya kupewa fremu nje ya kodi ya pango. Limewagusa pia Wakenya wenye saluni na vibanda vya ufundi, watu ambao kipato chao hakitofautiani na cha huyu muuza soksi, na serikali yao ililalamika kwamba linakiuka makubaliano ya soko la pamoja la Afrika Mashariki. Tumewaudhi watu ambao kesho tungewahitaji dhidi ya kamisheni ile ile.

Kwa mchangiaji wa pili, sikubali kwamba dini inyamazishwe, maana msikitini na kanisani ndiko watu walipo. Ningependa maswali matatu uliyoyataja yaulizwe kote kuwili kwa maneno yale yale. Mgomo ulioanzia kwa wapakiaji wa bandari hii Septemba 1947 ulisambaa kwa wafanyakazi wa reli hadi mikoa ya bara, na waliogoma hawakuwa wa kabila moja wala dini moja. Sidai kwamba walipendana. Walikuwa na dai la ujira ambalo kila mmoja aliweza kulitaja.

Kwa hiyo namrudishia ndugu mwenye duka swali ambalo naomba alijibu kwa niaba ya wenzake: mkifunga tena, deni la mali kauli la siku hizo litasimama, au litaendelea kuhesabiwa?