Familia: Pochi ya Akiba

Zuhura [19:02]: Jamani, leo tuamue. Wazo la Idi la kuacha maneno 12 ya kurejeshea pochi yetu ya Bitcoin tutumie sentensi ya kukariri silikubali.

Idi [19:04]: Karatasi huibiwa dada, sentensi iko kichwani.

Zuhura [19:09]: Pochi ya hivyo huipitisha sentensi kwenye SHA-256, kanuni ya hesabu inayogeuza maandishi kuwa namba ndefu, mara moja, kinachotoka ndicho ufunguo wa siri wa kutolea pesa. Hapa hakuna benki ya kumfungia mtu akikosea mara 3. Mwizi hujaribisha methali na mashairi kwenye kompyuta yake, akilinganisha na anwani za pochi zilizo wazi kwenye daftari la Bitcoin. Tangu 2015 ipo programu ya kazi hiyo, Brainflayer.

Idi [19:10]: Hata "haba na haba hujaza kibaba"?

Zuhura [19:10]: Hiyo wanaanza nayo.

Mwana [19:11]: Kibaba cha mwizi 😂😂

Rama [19:11]: 😂😂😂 kimejaa

Zuhura [19:12]: Tafadhali, hizi ni pesa za watu.

Mjomba Salim [20:31]: Na nywila tunayofungulia programu kila siku?

Zuhura [20:33]: Hiyo Mjomba inafunga faili la ndani ya simu tu. Simu ikipotea haikusaidii, na mwenye maneno 12 wala haihitaji.
Nasema hivi: maneno 12 yaandikwe karatasi 2. Juu yake tuongeze nywila ya ziada, lile "neno la 13", likae mbali nayo. Tuitunge kwa dadu na orodha ya Diceware, maneno 7,776. Maneno 6 yanatosha, karibu biti 77, yaani 2 ikizidishwa yenyewe mara 77 ndiyo idadi ya kubahatisha.
Angalieni hapa: ukikosea hata herufi kubwa au nafasi, programu haisemi umekosea. Inafungua pochi nyingine, salio 0, unadhani umeibiwa. Kwa hiyo tuweke kidogo kwanza, tufute pochi, tuirejeshe, tuone kama anwani ya kwanza ni ile ile.

Shangazi Rukia [20:50]: Karatasi isikae kwa Idi. Ya ufunguo wa sanduku yanatosha.

Idi [20:51]: Shangazi, lile tulishalimaliza.

Shangazi Rukia [20:51]: Mlilimaliza nyinyi.

Bibi [21:15]: Idi, ukilala usiamke, hiyo sentensi tutamuuliza nani? Andikeni. Moja nitaiweka mimi.

Idi [21:22]: Sawa Bibi. Shikamoo.

Zuhura [21:23]: Ahsante Bibi. Nani ana dadu?

Rama [21:40]: Ninayo 1.

Zuhura [21:41]: Inatosha. Irushe mara 5 kwa kila neno, jumla 30, uandike kwa mkono. Usipige picha.

Mwana [21:44]: Ya maneno 12 nilipiga jana, yasije yakapotea.

Zuhura [21:45]: Ifute, na nakala iliyopanda kwenye hifadhi ya mtandaoni pia. Hayo maneno hatuyatumii tena, tunaunda pochi mpya. Asitume mtu kitu kwenye ile anwani.

Mjomba Salim [22:58]: Karatasi ya pili mmesema anakaa nayo nani?