Mpira mweupe KWAPANI! Kuna mtu pale kijiweni afungiwe kushika fimbo ya pool maisha yake yote

Wakuu, leo sina salamu. Nimetoka mezani sasa hivi, sijala, mkono nimeusugua kwa sabuni ya unga mpaka ngozi imebadilika rangi, na bado nikiusogeza karibu na pua naona giza.

Mnamjua, hana haja ya kutajwa. Yule wa kandambili za bluu na singlendi moja ya kuanzia Januari mpaka Desemba. Yule anayesubiri zamu fimbo kaiweka nyuma ya shingo kama mchunga ng'ombe.

Nilikuwa nimebakiza mpira mmoja na mweusi. Yeye kapiga kwa hasira, mweupe, ule wa kugongea mingine, ukazama. Wachezaji wa meza za sarafu mnajua: mipira mingine ikizama imekwenda, mpaka mtie hela tena, ila mweupe unatengwa humo ndani na kurudi kwenye kidirisha chake. Akainama, akauokota. Nikanyoosha mkono anipe. Hakunipa. Akainua mkono wa kushoto, akaubana mpira kwapani, akauzungusha mara tatu kama mtu anayeng'arisha embe la kuuza, ndipo akaniwekea kiganjani. Wa moto. Unateleza. Una unywele.

"Nimekusafishia," ananiambia.

Nikamwambia kaka, huo mpira siupigi mpaka ufutwe kwa kitambaa. Hapo ndipo akatoa lile neno mbele ya watu wote, hadi muuza chips akaacha karai lake: "Kama unataka usafi, nenda kacheze rede na watoto wa kike." Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Naondoka nasikia nyuma yangu "Bwana Afya! Bwana Afya!" Mimi! Mtu ambaye chaki wanayopaka ncha za fimbo hapo nimeinunua kwa hela yangu!

Jamani, KWAPANI. Kuna mfuko wa suruali, kuna singlendi yenyewe, kuna hata nguo ya meza ingawa nayo ina madoa ya tomato na mafuta ya chips tangu enzi. Mwili mzima huo, mtu anachagua kwapa.

Na msiniambie ndio mchezo ulivyo. Mchezo haupo hivyo. Angalieni snooker, ndugu yake pool, pale ukumbi wa Crucible, Sheffield, Uingereza. Refa amevaa glavu nyeupe. Mchezaji akiona mpira una uchafu anaomba, refa anaweka alama pale ulipo, anauinua, anaufuta, anaurudisha palepale. Mchezaji mwenyewe hata kuugusa hagusi, akiugusa ni faulo. Na si mbwembwe. Mpira ukiwa na vumbi la chaki au mafuta, ukigongana na mwenzie unashikana kidogo badala ya kuteleza, unakwenda usikoupeleka. Sasa niambieni, mpira wenye jasho la kwapa unakwenda wapi? Unakwenda kuzimu.

Mieleka, watu wanagandana mwili kwa mwili, lakini kabla ya pambano wanakaguliwa kucha na ngozi. Judo, vazi lako likinuka hupandi ulingoni, na ni kanuni imeandikwa. Sumo, majitu ya kilo 150, yanasukutua maji mdomoni na kumwaga chumvi kabla ya kushikana. Kikapu, mtu akianguka anakuja kijana na dekio kufuta jasho lake. Sisi ambao hatugusani kabisa, mchezo wa kusimama na kuwaza, ndio tunapewa mpira wa moto.

Una unywele, wakuu. Nimeuona kwa macho yangu. Nataka mwenye meza amfungie. Nimemaliza.

---

Mkaa Kona: Nimekaa paleee na kashata yangu. Endelea, Bwana Afya.

Fundi Bomba: Mleta uzi, swali moja tu. Uliupiga au hukuupiga?

Mleta uzi: Sikuupiga! Niliuweka mezani nikaondoka. Nilikuwa nashinda ile gemu, mweusi umekaa mdomoni mwa shimo!

Fundi Bomba: Kwa hiyo kwapa limekufunga. Gemu moja bila.

Dada wa Buza: Pole kaka. Wanaocheka hapa hawajawahi kushikishwa kitu cha moto bila kutarajia. Ila na wewe, wanaume wazima mnapeana mipira yenye jasho, halafu mkirudi nyumbani mnashika watoto mashavu. Mume wangu anarudi vidole vina bluu ya chaki, anafungua friji, anatoa tikiti, anakata. Friji yangu ina alama za bluu kama kituo cha kupigia kura. Nani atanisikiliza mimi?

Kipa Mstaafu: Kwapa ni nini? Njooni kwenye ndondo muone bibu. Timu A ikimaliza inavua, timu B inavaa zikiwa zinachuruzika. Mimi nimewahi kuvaa bibu yenye dawa ya kuchua mgongoni na jasho la watu wanne, nikacheza dakika tisini nalia. Na sikufungua uzi.

Mleta uzi: Kipa, jasho la bibu halina dharau. Huyu alinitazama usoni huku anazungusha. Mara TATU.

Kijana wa Upanga: Wenzenu wa kriketi mambo haya walishayamaliza. Zamani mchezaji alikuwa anang'arisha mpira kwa mate, ni kawaida kabisa, upande mmoja uwe laini upinde hewani. Corona ilipoingia, 2020 ICC, baraza la kriketi la dunia, wakapiga marufuku mate, na 2022 wakafanya marufuku ya kudumu. Ila jasho wameruhusu. Kwa hiyo huyo jamaa wa kandambili kwenye kriketi yuko ndani ya sheria.

Mkaa Kona: 😂😂😂 Bwana Afya umesikia? Ana leseni!

Mleta uzi: Hii SIYO kriketi! Na jasho la kwenye paji la uso ni jasho la kazi, la kwapani ni la uzembe!

Mzee wa Bao: Vijana, mimi nacheza bao mwaka wa 40. Kete zetu hazijaoshwa tangu alipozichuma marehemu babu. Watu wanakula karanga, wananusa ugoro, wanapiga chafya, wanashika kete. Hakuna aliyekufa.

Dada wa Buza: Shikamoo mzee. Ila waliokufa hawaji kuandika hapa.

Mzee wa Bao: Marahaba. Hilo nalo neno.

Mpiga Mbizi: Nyie wote mna bahati. Mimi naogelea bwawa moja hivi, sitalitaja, kuna bango kubwa "Oga kabla ya kuingia". Jumapili iliyopita kaingia mtu ametoka kula ndizi nyama, mafuta yakatandaa juu ya maji kama meli imezama. Mtu unatoka bwawani umeungwa nazi.

Kipa Mstaafu: Umeungwa nazi 😂 Uzi uhamie hapa kwa Mpiga Mbizi, huu wa kwapa umechakaa.

Fundi Bomba: Ndizi nyama ya wapi hiyo? Bei gani sahani?

Mleta uzi: Wakuu, tusitoke nje ya mada. Mtu amechukua mpira akauweka kwapani. Tunamfanya nini?

Shemeji wa Mbagala: Subirini kwanza. Huyu jamaa ana kandambili za bluu, ya kushoto imefungwa waya?

Mleta uzi: HUYOHUYO!

Shemeji wa Mbagala: Namdai 15,000 tangu Pasaka! Aliniambia amehamia Morogoro!

Mkaa Kona: Weee! Mimi alichukua chaja yangu "dakika mbili tu". Leo ni mwezi wa tatu.

Kipa Mstaafu: Kumbe ndiye yuleyule? Alikusanya michango ya jezi za timu yetu akapotea. Zile bibu tunavalishana kwa sababu yake!

Shemeji wa Mbagala: Yupo mezani mpaka saa ngapi? Nipo kwenye bodaboda tayari.

Mleta uzi: Huwa anakaa mpaka saa nne usiku. Lakini ukifika mwambie na habari ya mpira. Mwambie kwapa.

Shemeji wa Mbagala: Kwapa ni lako, mkuu. Mimi nafuata 15,000.

Mkaa Kona: Shemeji, nipitie hapa kona, tunakwenda wote. Chaja ni ya Samsung, nyeupe.

Fundi Bomba: Jamani ile bei ya ndizi nyama sijajibiwa.