Kafunga tachidauni, kacheza kidogo, kapigwa adhabu ya yadi 15. Kosa ni nini?

Mtanga wa Houston:
Wadau, habari za Jumamosi. Mpira wa Kimarekani nimeanza kuufuatilia mwaka huu tu, kwa ajili ya shemeji yangu ambaye siku ya mechi za vyuo habanduki kwenye kochi. Juzi kijana kadaka mpira, kamwacha beki, kaingia nao hadi mwisho wa uwanja, ndiyo tachidauni hiyo. Akamgeukia yule beki, akamnyooshea kidole na kukata kiuno mara mbili. Refa huyo, kitambaa cha njano chini! Nauliza kosa nini, shemeji ananiambia "ndiyo sheria." Mimi nimekulia kwenye Simba na Yanga, mbwembwe za mfungaji ni nusu ya kiingilio. Nielewesheni.

Baba Neema:
Kucheza na wenzako ruksa. Kumkejeli mpinzani, au kujitenga ili macho yote yakuangalie wewe, hapo unaadhibiwa: timu yako inarudishwa nyuma yadi 15. Makosa mawili ya namna hiyo kwenye mechi moja, unatolewa. Na tangu 2011, ukianza tambo kabla hujavuka mstari wa goli, tachidauni yenyewe inafutwa. Mwaka huohuo Brad Wing wa LSU, chuo cha Louisiana, alitanua mikono akikaribia mstari, walipocheza na Florida. Pointi zikayeyuka.

Dereva wa Memphis:
Kijana wa Tanga, ngoja nikupe ya 2019. Usiku wa Thanksgiving, sikukuu ya shukrani, nimerudi safari, lori nimeegesha, sahani ya bata mzinga mapajani. Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, wako ugenini kwa Mississippi State, mahasimu wa jimbo moja. Zimebaki sekunde 4, Elijah Moore wa Ole Miss anafunga: wako nyuma 21 kwa 20. Pointi moja tu ya ile kiki inayopigwa baada ya tachidauni, waende muda wa nyongeza.

Yule bwana akapiga magoti na mikono chini, akatambaa, akainua mguu mmoja kama mbwa anayekojoa. Na nembo ya wenyeji ni mbwa! Umeingia nyumbani kwa mtu, unamkojolea kizingitini.

Yadi 15. Kiki ambayo ingepigwa kutoka yadi 20 ikawa ya 35. Mpigaji akakosa. Mechi kwisha. Siku chache baadaye kocha wa Ole Miss kafukuzwa kazi. Bata wangu alipoa, sikuona hata ladha. Halafu mwaka 2017 DK Metcalf, wa timu hiyohiyo, alishafanya kituko hichohicho dhidi ya hao hao, naye akaadhibiwa. Kwa hiyo usiniambie hakujua. Mimi ningekuwa refa ningerusha vitambaa viwili.

Mtanga wa Houston:
Shikamoo mzee. Hiyo ya mbwa nimekubali, hata kwetu angezomewa. Lakini ina maana refa akiona furaha yoyote anaipima kwa rula?

Mama wa Seattle:
Dereva, wewe umechagua kesi rahisi. Chukua ya hapa kwetu, 2008, Washington na BYU, chuo cha Utah. Jake Locker kafunga zikiwa zimebaki sekunde 2, kaurusha mpira juu kwa furaha, kakumbatiana na wenzake. Hakumtazama mpinzani hata mmoja! Yadi 15, kwa sababu sheria ilikataza kuurusha mpira juu. Kiki ikazuiwa, tukafungwa 28 kwa 27. Hapo aliyekejeliwa ni nani?

Dereva wa Memphis:
Hilo dada sikubishii. Ile ilikuwa uonevu, hata kama iliandikwa.

Mtanga wa Houston:
Nimemwonyesha shemeji ile ya mbwa. Kanyamaza, kisha anasema wa kulaumiwa ni mpigaji, yadi 35 hata yeye anapata. Nimemnunulia mpira wa dola 20. Kesho asubuhi tunakwenda uwanja wa shule jirani, mita nishazipima. Nitawaletea video.