Eti "programa wa kweli haombi ramani", mbele ya mteja wangu!!

Ngalawa_Deep: Wakuu natetemeka hapa. Yule jamaa mnamjua, wa laptopu ya stika anayeshinda kibarazani Chumbageni hapa Tanga, kila mtu kwake "dogo". Leo kanivua nguo. Programu ya stoo kaitengeneza yeye, nikakabidhiwa mimi niitunze, sasa tangu juzi mteja akibonyeza Funga Hesabu inajizima. Nafungua logi, ile kumbukumbu ya makosa, nakuta:

at a.b.c.a(Unknown Source:14)

a ni nani? b mtoto wa nani? R8, ile zana ya kubana programu za Android, imekamua majina yote imebakiza herufi, namba za mistari ya sosi (kodi aliyoandika mtu) hazipo, hiyo 14 ni hatua ndani ya baitikodi, kodi iliyokwisha geuzwa, mie nitaitafutia wapi? Dawa yake ni mapping.txt tu, ile ramani ya majina ya asili, unaipa zana ya retrace pamoja na logi, majina yanarudi. Nikamwomba kwa adabu, kaka naomba ile mapping. Hakunijibu mimi, kageukia MTEJA, anacheka, "programa wa kweli haombi ramani". Haombi ramani! Mzee wa watu akanitazama kama nimekutwa na kuku wa jirani.

Na kumbe hana!! Kafuta folda nzima ya bildi, na mapping imo humo, eti diski imejaa. Diski imejaa lakini muvi za kikorea zimo zote. Halafu mimi ndo siombi ramani.

mkwaju_mbichi: Wamjua leo? Mie alinipa faili za .pyc tupu, Python iliyokwisha geuzwa, sosi hakuna, akasema "zinaran si zinaran".

Bibi_Baiskeli: We nawe siku ya makabidhiano ulikuwa wapi, unapokea programu kama unapokea kadi ya harusi

Ngalawa_Deep: Nilipewa sosi jamani! Nikabildi upya nikapata mapping, haiingiliani na logi ya mteja, kumbe keshabadilisha mambo baada ya toleo lililo kwa mteja. Halafu anasema haombi ramani, mbele ya mteja!

pwezaKavu: Fungua apk, faili la programu yenyewe, kwa jadx inayoirudisha kwenye Java, utasoma mantiki, majina ndo hutayapata. Toleo lijalo kwenye sheria za R8 weka -keepattributes SourceFile,LineNumberTable, namba za mistari zibaki, na mapping ihifadhi pamoja na apk yake. javac, kompaila ya Java, ikiachwa yenyewe inaweka jina la faili na namba za mistari, mpaka uiambie -g:none.

mkwaju_mbichi: afadhali nyie mmefichwa, kuna mtu hapa mjini kaacha sosimapu, faili la kurudishia kodi ya asili, wazi kwenye tovuti ya mteja, sosi yote unaisoma kwenye brauza na maoni yake "hapa sielewi ila usiguse"

Bibi_Baiskeli: 😂😂 huyo ni shemeji yangu muacheni

Raskazone_boi: Nyie mna logi, mie umeme umekatika mara tatu tangu asubuhi, bildi inafika asilimia 90 puu

pwezaKavu: Upande gani huo? Huku upo

Raskazone_boi: Upo wapi bwana, nije na laptopu

Ngalawa_Deep: Wakuu mbele ya MTEJA lakini

Bibi_Baiskeli: Raskazone njoo na chaja, na ukipita sokoni chukua machungwa ya Muheza