Chanjo ya mkanda wa jeshi Uingereza: miaka 65 unapewa, 70 unapewa, 69 kaa usubiri. Hii hesabu ni ya nani?

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha. Wenye roho nyepesi wapite uzi mwingine.

Kwa mlioko nyumbani: hapa England, NHS (huduma ya afya ya serikali) wanawapa wazee chanjo ya mkanda wa jeshi bure. Inaitwa Shingrix, sindano mbili, ya pili unachomwa miezi 6 hadi 12 baada ya ile ya kwanza. Chanjo yenyewe sina ugomvi nayo hata kidogo. Kwenye majaribio ya watu wa miaka 50 kwenda juu ilizuia ugonjwa kwa asilimia 97, na kwa wa miaka 70 kwenda juu karibu asilimia 90. Ugomvi wangu ni nani anapewa na nani anaambiwa akasubiri.

Someni polepole, maana mimi mwenyewe ilibidi niisome kwa kurudia. Ukitimiza miaka 65 tarehe 1 Septemba 2023 au baada ya hapo, unapewa. Ukiwa na miaka 70 hadi 79, unapewa. Lakini kama ulitimiza 65 kabla ya hiyo Septemba mosi, hata kwa wiki moja tu, hupewi mpaka ufike 70. Yaani kuna kundi zima la watu, waliozaliwa kati ya Septemba 1953 na Agosti 1958, ambao siku mpango unaanza walikuwa wazee kuliko wa 65, wako kwenye hatari kuliko wa 65, na wakaambiwa wakae pembeni wawapishe wadogo zao.

Dada yangu yumo humo. Pasipoti yake imeandikwa 1 Julai 1958.

Alikuwa anafanya kazi ya kea kwenye nyumba ya wazee, na mwenzake wa zamu, mama mmoja Mjamaika wa Oktoba 1958, akapata meseji ya kuitwa chanjo. Wakafurahi wote wawili, dada akijua na yake iko njiani. Kimya. Akaenda kuuliza mwenyewe mapokezi kwa GP, daktari wake wa mtaani. Binti wa mapokezi akaangalia kompyuta, akamwambia, "Bado. Wewe ni Julai 2028." Dada akadhani binti kasoma mstari wa mtu mwingine, akamwomba aangalie tena. Akaangalia tena. Julai 2028. Miezi mitatu kati yake na mwenzake, mmoja anachomwa leo, mwingine anasubiri miaka mitano.

Akauliza, je, kisukari? Maana kisukari anacho. Akajibiwa kisukari hakihesabiki. Wanaoruhusiwa mapema ni wale ambao kinga yao ya mwili imeshuka vibaya sana, wa matibabu ya saratani, waliopandikizwa viungo na wengine wa namna hiyo. Hao walianza na miaka 50, na tangu Septemba 2025 wameteremshiwa hadi 18. Hapo sina neno, hao ni haki yao.

Basi ugonjwa wenyewe haukusubiri 2028. Ulimpata akiwa na miaka 66. Ulianza Ijumaa usiku kama mwasho kwenye paji la uso upande wa kushoto, akafikiri ni mafuta mapya ya nywele yamemkataa. Jumapili malengelenge hayo. Dawa ya kupambana na hivi virusi inatakiwa ianzwe ndani ya saa 72 tangu upele utoke, na mnajua wikiendi za huku, unapiga simu unasikiliza muziki. Alipofika kwa daktari tayari kuna lengelenge moja limeota kwenye ncha ya pua. Daktari alipoliona hakuuliza maswali mengi, akamwandikia barua aende hospitali ya macho siku hiyo hiyo, kwa sababu lengelenge la puani ni dalili kwamba mshipa unaokwenda jichoni nao umeingiliwa.

Jicho limepona, alhamdulillahi. Paji la uso ndilo halijapona. Upele ulikauka zamani, makovu yamefifia, lakini kitambaa kikigusa pale anaruka. Mwanamke aliyevaa ushungi tangu chuoni kwa maalimu, leo akitoka nje anaushika kwa vidole viwili auinue usilale kwenye ngozi. Upande wa kushoto halalii. Dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu anazomeza zinamlaza, lakini asubuhi anaamka kichwa kizito na mdomo mkavu. Kazi kaacha kabla ya wakati aliokuwa ameupanga.

(Na nyumbani nako! Kapiga picha katuma kwenye kundi la familia, shangazi yetu mmoja akampigia pembeni, "mwanangu, umepima?" Miaka ya tisini imewakaa watu kichwani, mkanda wa jeshi ni ukimwi tu. Ukishaugua tetekuwanga utotoni, virusi vyake hubaki vimejificha kwenye neva maisha yako yote, na umri ukienda vinaweza kuamka. Hapa Uingereza wanakadiria mtu 1 kati ya 5 aliyewahi kuugua tetekuwanga atapata mkanda wa jeshi. Hiyo ndiyo habari yote, acheni kuhukumiana.)

Sasa nilifikiri baada ya mateso hayo watamchanja. Maana hata aliyekwishaugua anashauriwa achanjwe, usirudi tena. Tukauliza. Julai 2028.

Tuje kwenye tarehe yenyewe, hapa ndipo damu inanichemka. Hiyo 1 Julai nani kaisema? Dada alizaliwa kijijini, Tanga, nyumbani, kwa mkunga wa jadi. Cheti hakikuwepo. Alipotaka pasipoti, aliapa mwaka, na karani akaweka tarehe ya kujaza nafasi. Watu wa umri wake wangapi humu mmezaliwa 1 Januari au 1 Julai? Nyanyueni mikono. Marehemu mama alikuwa akisema siku zote kwamba dada alizaliwa mwaka wa kura tatu (uchaguzi wa Tanganyika ambao kila mtu alipiga kura tatu), vuli ikiwa imeshaanza, watu wameshapiga kura. Uchaguzi ule Tanga ulipigwa Septemba 1958. Vuli kwetu ni Oktoba kwenda Novemba. Kwa maneno ya mama aliyemzaa, dada na yule Mjamaika ni rika la mwezi mmoja. Kwa maneno ya karani aliyekuwa na haraka ya kwenda kula, dada ana mateso ya miaka.

Najua hoja itakayokuja: hawawezi kuchanja watu wote kwa mpigo, fedha, dozi, manesi. Naikubali. Kamati yao ya wataalamu wa chanjo, JCVI, ilishauri tangu 2019 kwamba chanjo hii itolewe mtu akifika 60, na serikali ikaamua kufika huko kwa awamu mbili za miaka mitano mitano. Foleni tunaijua. Wengine humu tulipanga foleni ya sukari kwenye maduka ya ushirika, tukasimama tangu alfajiri. Lakini hata pale, aliyetangulia ndiye aliyepimiwa kwanza. Ungeanza na wa 69, mwaka unaofuata wa 68, ukateremka hivyo, nani angelalamika? Hapa aliyekuja nyuma kaitwa dirishani, na aliyesimama katikati kaambiwa subiri foleni yako itakapozeeka.

Kuna kitu kingine nimekisoma kikanimaliza nguvu. Chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu, ile ya zamani Zostavax, ilianza kutolewa Septemba 2013. Kule Wales mstari ulichorwa kwenye tarehe 2 Septemba 1933. Aliyezaliwa siku hiyo au baada yake alikuwa na haki ya kuchanjwa. Aliyezaliwa kabla, hata kwa siku moja, hakuwa nayo, na hakuipata tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakauona mstari ule, wakachukua rekodi za wazee zaidi ya 280,000, wakalinganisha wa upande huu na wa upande ule. Matokeo yakatoka kwenye jarida la Nature mwaka 2025: chanjo ilipunguza hatari ya kupata maradhi ya kusahau ya uzeeni kwa karibu asilimia 20 ndani ya miaka saba. Watafiti nawapa heko, kazi nzuri. Ila fikirini maana yake kwa mzee wa 1 Septemba 1933. Mstari uliochorwa kwa urahisi wa makaratasi ulimfanya yeye kuwa kundi la kulinganishia bila kuombwa wala kuambiwa.

Wala si chanjo hii peke yake. Ile ya RSV, virusi vya kifua, ilipoanza Septemba 2024 ilikuwa kwa wa 75 hadi 79, na wa 80, ambao kifua kikiwabana ndio wanaolazwa, wakaachwa nje. Ya korona, msimu wa vuli 2024 wa 65 walichanjwa, vuli 2025 ikapandishwa hadi 75. Ya mafua wa 50 hadi 64 walipewa wakati wa janga, janga likapita wakanyang'anywa. Mzee anabaki kila Septemba anakokotoa umri wake upya.

Marekani wanashauri Shingrix kuanzia miaka 50. Ujerumani 60. Magonjwa ni yale yale, neva ni zile zile.

Ukitaka kununua mwenyewe famasi ya huku, sindano moja ni pauni 200 na ushee, na ni mbili. Kea wa nyumba ya wazee anazitoa wapi, na nyumbani kuna karo za wajukuu? Halafu kila mwaka zinakuja ripoti kwamba sisi weusi tuko nyuma kwenye chanjo, "jamii zenye mwitikio mdogo", wanatuletea vipeperushi hadi misikitini na makanisani. Mmoja aliitikia. Alikwenda kwa miguu yake, akauliza kwa mdomo wake, akarudishwa.

Watakaosema "rudi kwenu, huko chanjo hiyo haipo kabisa", nawajibu mapema: dada kakatwa kodi na bima ya taifa mshahara hadi mshahara, hakuja kuomba.

Na msifikiri yamekwisha. Awamu ya pili inaanza Septemba 2028, ya wanaotimiza 60 na wanaotimiza 65. Waliotimiza 60 kabla ya hapo wanasubiri 65. Mimi ni wa 1967, nimeshajiona niko kwenye shimo la pili, zamu yangu 2032. Wa Septemba 1963 hadi Agosti 1968 tujuane humu.

Nataka majibu ya mambo mawili, siyo pole. Kwanza, kuna mtu aliyewahi kurekebisha tarehe ya kuzaliwa kwenye rekodi za NHS kwa hati ya kiapo kutoka nyumbani? Walidai nini, na pasipoti ilibidi ibadilishwe kwanza? Shangazi aliyekuwepo siku dada anazaliwa bado yu hai na yuko tayari kwenda kuapa. Pili, kuna aliyemwandikia mbunge wake kuhusu hili akajibiwa kitu chenye maana, siyo ile barua ya "asante kwa kuwasiliana nasi"?

Na wenye wazazi huku walio na miaka 70 hadi 79 ambao hawajachanjwa, pigeni simu kwa GP kesho asubuhi. Siku mzee anatimiza 80 kabla hajaanza sindano ya kwanza, naye mlango umemfungia.

Mods, msiuhamishie uzi huu jukwaa la afya. Huu ni wa malalamiko, uacheni hapa hapa.