Kushuka mlima Kitonga na gia ya N (huru): shemeji anasema nabana mafuta, breki zinasema vingine. Naombeni ushauri

Mzawa wa Ilula

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, na naomba mnijibu kwa upole maana nyumbani nimeshasemwa vya kutosha.

Nina IST old model, cc 1298, otomatiki, nilinunua mkononi kwa mtu mwaka juzi. Jumamosi tulikuwa tunarudi Dar kutoka Iringa. Mimi kwenye usukani, mke wangu mbele kampakata mtoto wetu mdogo wa mwaka na miezi miwili, nyuma shemeji na mabegi. Tunaikaribia Kitonga taa ya mafuta ikawaka. Nikasema basi, nitajaza Ruaha Mbuyuni. Shemeji, ambaye ashawahi kuwa deiwaka (dereva wa kushikia) wa Noah, akaniambia: "Weka N, mlima wote huu ni wa bure." Kusema kweli haikuwa mara ya kwanza, vimlima vidogo huwa nafanya hivyo mwenyewe bila kuambiwa.

Nikaweka N. Mbele yangu kuna semi inashuka taratibu kama inahesabu kona, kwa hiyo mguu wangu haukutoka kwenye breki. Katikati ya mlima nikasikia harufu kama waya unaungua. Nikafunga kioo nikijua ni lile semi. Kona moja mbele semi ikapunguza, nakanyaga pedali, ikaenda chini kama nakanyaga godoro. Nikapampu mara tatu, nne, ikashika. Nilisimama karibu na tela kiasi kwamba namba yake niliisoma herufi kwa herufi mpaka leo naikumbuka.

Chini tulisimama, moshi unatoka tairi za mbele. Shemeji akachukua chupa mbili za maji ya kunywa akamwagia rimu, ikalia chwaaa. Tukakaa hapo kama saa nzima, mke akanunua vitunguu, tukaendelea.

Dar nimepeleka gereji, fundi kabadilisha pedi za mbele tu, kasema diski zimepinda kidogo lakini "zitajinyoosha zenyewe". Sasa nikifika spidi 80 nikigusa breki usukani unatetemeka mpaka mikono inawasha.

Maswali: (1) Kweli N inabana mafuta? Shemeji bado anashikilia. (2) Gari limeharibika nini? (3) Tabia gani nyingine niache kabla hazijaniua? Karibuni.

---

Kiduku Lilo la Tabata

Diski kujinyoosha zenyewe 😂😂😂 huyo fundi anyooshwe yeye kwanza

---

Spana Namba 17

Mkuu pole. Kabla sijajibu: pedali ilikuwa laini inazama, au ilikuwa ngumu kama jiwe lakini gari halisimami?

---

Mzawa wa Ilula

Laini. Inazama. Nikipampu inapanda.

---

Spana Namba 17

Basi mafuta yako ya breki yalichemka, kama maji ya ugali vile. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa taratibu mwaka hadi mwaka. DOT 3 (daraja la mafuta ya breki) ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi joto 205, ikishanyonya maji inashuka mpaka kama 140. Ukibana breki Kitonga nzima, diski inapata moto, pedi inapata moto, moto unahamia kwenye kalipa (kinachobana pedi), mafuta yanachemka ndani ya paipu na kutoa mapovu. Povu linaminyika, mafuta hayaminyiki. Ndiyo maana ulikanyaga godoro: ulikuwa unaminya mapovu. Ile ya pedali ngumu ni ugonjwa mwingine, pedi zimeungua uso.

Kwa hiyo kubadilisha pedi tu ni kazi nusu. Mwambie yeyote atakayeshika hilo gari amwage mafuta yote ya breki, aweke mapya, atoe upepo tairi zote nne. Ukifungua kile kikopo karibu na servo (kisaidizi cha breki) ukakuta mafuta meusi kama chai ya rangi, ujue hayajawahi kuguswa tangu Japani. Kila miaka miwili badilisha, hata kama gari halitembei sana.

Diski zipimwe. Kama bado nene zichongwe, kama nyembamba nunua mpya. Na maji ya shemeji yamechangia: chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi upande mmoja kinapinda au kinapasuka. Breki zikipata moto unaliacha gari lipoe lenyewe, na ikiwezekana unaweka vizuizi kwenye tairi badala ya kuvuta handbreki, maana IST nyuma ni dramu, inaweza kung'ang'ania humo humo.

Sasa N. Shemeji wako hajatunga, amerithi. Enzi za Peugeot 504 za kabureta maneno hayo yalikuwa na ukweli wake. Gari lako ni EFI, petroli inapulizwa kwa kompyuta. Ukiwa kwenye D unashuka, mguu umetoka kwenye mafuta, tairi ndizo zinazoizungusha injini, na control box (hiyo kompyuta ya injini) inafunga nozeli kabisa. Petroli inayoingia ni sifuri. Ukiweka N injini haina wa kuizungusha, lazima inywe ili isizimike. Sailensa (injini kunguruma bila kukanyaga mafuta) ya kigari kama hicho inakunywa kama nusu lita mpaka lita nzima kwa saa, kwa hiyo kwa dakika kumi na kitu za Kitonga ulichoma kikombe cha petroli ambacho kwenye D usingekichoma. Ulilipa ili ukose breki ya injini.

---

Suka wa Masafa

Nimeendesha semi Dar–Tunduma miaka mingi, Kitonga naijua kama sebuleni kwangu. Sheria yetu ni moja: mlima unaushuka na gia ambayo ungeupandia. Ukibadilisha gia baada ya mteremko kuanza umeshachelewa, hiyo inafanyika juu kabisa gari likiwa taratibu.

Kwenye IST yako: juu ya mlima bonyeza O/D off (kitufe cha overdrive, kinazuia gia ya juu kabisa). Ukiona gari bado linakimbia, shusha kwenye 2. Injini italia, rpm itapanda 3,500 mpaka 4,000, usiogope, haifi. Watu wakisikia huo mlio wanarudisha D haraka wakidhani injini inapasuka. Breki ikanyage kweli kweli, punguza mpaka spidi unayotaka, kisha ACHIA ipumue. Kinachoiua breki ni ule mguu unaolala juu ya pedali dakika kumi.

Halafu semi ikiwa mbele yako inatambaa, dereva wake anajua anachofanya. Kaa mbali. Wewe ukinigonga mimi naweza nisijue mpaka Mikumi.

---

Mjomba Kabureta

Mnamtisha kijana bure. Mimi enzi zangu nilikuwa nazima swichi kabisa, mlima Sekenke ile njia ya zamani, naachia. Niko hai, nina wajukuu.

---

Spana Namba 17

Shikamoo mjomba. Uko hai kwa sababu stelingi ya gari lako ilikuwa ya mikono mitupu. Hizi za sasa ukizima injini servo inabaki na upepo wa kukanyaga breki mara mbili tatu, baada ya hapo unasukuma ukuta. Usukani unakuwa mzito. Na ukikosea ukachomoa ufunguo, unajifunga lock. Kijana wangu, usimsikilize mjomba katika hili, mheshimu katika mengine.

---

Mjomba Kabureta

Marahaba. Nimekuelewa, lakini tulibana mafuta.

---

Wa Nakuru

Wadau wa Bongo, huku kwetu hii kitu tunaijua vizuri sana. Barabara ya Nakuru–Eldoret, kutoka Sachangwan hadi Salgaa, ni mteremko mrefu, na madereva wa malori walikuwa wakishuka na free (ndiyo hiyo N) ili wabakishe dizeli, halafu wanaiuza hapo chini. Lori la tani nyingi bila gia likishapata kasi hakuna breki italishika. Tarehe 31 Desemba 2017 pale Migaa basi na lori ziligongana, watu 36 wakafa. Baadaye ndio wakaweka ukuta wa zege katikati ya barabara. Mimi hupita hapo kila mwezi. Mtu akiniambia free inaokoa mafuta huwa sibishani naye, nashuka tu kwa gari lake.

---

Dogo Gia Boksi

Naongezea kwenye (3), mambo ambayo mimi kila wiki naletewa:

Watu wanatoka parking kinyumenyume, gari bado linarudi, wanachomeka D. Siku moja huoni kitu, mwaka mmoja unaleta gari halina reverse.

Kupaki mlimani kwa P peke yake. Hiyo P ni kijino kidogo cha chuma ndani ya gia boksi, gari zima linaning'inia hapo. Kanyaga breki, weka N, vuta handbreki, achia mguu gari likae kwenye handbreki, ndipo uweke P. Ukisikia KOO! asubuhi unapotoa P, ndicho hicho kijino kinalia.

Na haidroliki (mafuta ya gia boksi), jamani. IST old model inatumia T-IV. New model nyingi ni CVT (gia boksi ya mkanda), ina mafuta yake. Kuna watu wanaweka ile nyekundu ya kupima kwenye dumu kila gari, halafu wanakuja kusema Toyota siku hizi mbovu.

---

Kiduku Lilo la Tabata

Ongezea wanaotoa thermostat (vali ya maji ya kupoza injini) "ili gari lisichemshe". Fundi wangu wa zamani alinitolea, akaniambia nchi yetu ya joto haihitaji. Gari likawa linakunywa kama limefiwa, hita haifanyi kazi, Njombe nilitetemeka mpaka meno yakagongana

---

Spana Namba 17

Ile inafunguka kwenye kama nyuzi 82. Injini ilitengenezwa ifanye kazi ikiwa na moto wake. Ukiitoa inafanya kazi ikiwa baridi, control box inaongeza petroli ikidhani ni asubuhi. Kama gari linachemsha tafuta kwa nini linachemsha: feni, mfuniko wa rejeta, rejeta kuziba kwa maji ya bomba ya miaka mitano.

Na Mzawa, ile ya kutembelea taa ya mafuta pia acha. Pampu ya petroli imo ndani ya tanki, petroli ndiyo inayoipoza. Tanki likiwa tupu, pampu inapata moto na inavuta uchafu wa chini.

---

MamaPacha

Nimesoma uzi wote toka juu. Breki, gia boksi, thermostat, mpaka Njombe. Hakuna hata mmoja aliyeona mstari wa tatu wa mleta mada?

"Mke wangu mbele kampakata mtoto wetu mdogo wa mwaka na miezi miwili."

Kaka Mzawa, pedali ingekataa kushika ile mara ya nne, yule mtoto angekuwa wapi?

Mimi ni nesi, sitaeleza ninayoyaona. Nitakupa hesabu tu. Gari likigonga kitu kwa spidi 50 linasimama ndani ya kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mtoto wa kilo 10 kwa muda huo anavuta mbele kwa uzito unaozidi kilo 100. Gunia la mahindi. Mwambie mkeo ajiulize kama anaweza kulidaka gunia la mahindi lililorushwa, na hajui linarushwa lini. Na yeye hajafunga mkanda vizuri kwa sababu kapakata, kwa hiyo yeye naye anakuja nyuma ya mtoto, na eabegi inafumuka kutoka mbele. Mtoto yupo katikati.

Mtoto anakaa nyuma, kwenye kiti chake, kimefungwa kwa mkanda wa gari. Kwa umri huo bado ageuziwe mgongo mbele, kichwa chake bado kizito kuliko nguvu ya misuli ya shingo. Na kamwe usikiweke kiti cha namna hiyo mbele penye eabegi.

---

Suka wa Masafa

Dada umenifunga mdomo. Mimi niliona semi tu.

---

Kiduku Lilo la Tabata

Sasa MamaPacha, hivyo viti vyenyewe bei yake si mchezo, na mtoto anakua miezi sita hakimtoshi

---

MamaPacha

Kipo cha mtumba pia. Ila kikague: mikanda isiwe imekatika nyuzi, plastiki isiwe na ufa hata wa nywele, lebo ya tarehe iwepo. Kilichokuwa kwenye ajali usinunue, hata kama kinang'aa. Na usiniambie bei, mtu aliyeweka rimu za sport.

---

Kiduku Lilo la Tabata

Umejuaje nina rimu za sport 😭

---

Mzawa wa Ilula

Wakuu, nilikaa kimya kwa sababu ile post ya MamaPacha niliisoma mara ya kwanza nikiwa kazini nikatoka nje kidogo. Nimempa mke wangu simu asome mwenyewe. Hakusema kitu, aliniuliza tu ile siku nilikuwa nimesimama umbali gani na lile tela. Nikamwonyesha kwa mikono.

Mrejesho. Gereji nyingine, mafuta ya breki yalitoka meusi yana chembechembe. Diski moja imechongwa, ya kulia imeonekana nyembamba, nimenunua. Usukani umetulia. Nyuma kwenye dramu shuu zimeungua uso, nazo zimebadilishwa. Pia nimesoma namba za tairi, zile nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: mbele 2319, nyuma 1112. Kama ni wiki ya 11 ya 2012 basi natembea na tairi za zamani kuliko ndoa yangu.

Kiti cha mtoto nimepata Kariakoo. Siku ya kwanza alilia kutoka Ubungo mpaka Mbezi. Ya pili akalala. Tatizo limebaki shemeji: kaja jana, kafungua mlango wa nyuma kakuta kiti kimekaa nafasi yake, akaniuliza na yeye nimnunulie chake.

---

Spana Namba 17

Ndiyo, wiki ya 11 ya 2012. Hizo za nyuma toa kabla ya safari yoyote, hata kama kashata (meno ya tairi) zipo. Mpira umeshakufa ndani.

---

Mjomba Kabureta

Mnunulie tu, mgeuzie mgongo mbele.

---

Wa Nakuru

Na hivyo vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, ndoo ilikuwa pesa ngapi?